Alessandro Volta, Mtu Aliyetupa Betri

Keko ni sehemu ya Wilaya ya Temeke katika Jiji la Dar es Salaam. Watu wengi huijua Keko kwa sababu ya maseremala wake. Kando ya barabara utaona vitanda, makabati, meza na viti vikingojea wanunuzi. Vitu hivyo huchukuliwa kwa pikapu na malori, na penye magari hapakosi mafundi wa magari.

Tufikiri juu ya dereva mmoja aliyekwenda Keko na pikapu yake kuchukua makabati. Dereva huyo hupenda muziki. Redio iliyokuja na gari haikumtosha, kwa hiyo alifungiwa kikuza sauti chenye nguvu na spika mbili kubwa. Alipofika Keko aliambiwa angoje, kwa kuwa vanishi ilikuwa haijakauka. Alizima injini ili asipoteze mafuta, akaacha muziki ukiendelea. Saa zikapita. Makabati yalipokwisha kupakiwa, alizungusha ufunguo ili aondoke. Injini haikuwaka. Ilisikika sauti ndogo ya kugonga, kisha kimya.

Fundi wa umeme wa magari aliitwa. Alifungua boneti, akachukua mita yake na kuigusisha kwenye ncha mbili za betri. Mita ilionyesha volti 11.8. Fundi hakuhitaji kuuliza mengi. Alijua kwamba betri ya gari iliyojaa vizuri huonyesha volti 12.6 hivi wakati injini imezimwa. Ikishuka chini ya volti 12, betri hiyo iko karibu kuishiwa, na haina nguvu ya kuzungusha injini.

Namba moja ilimweleza fundi habari yote. Neno volti, ambalo mafundi hulitaja kila siku, limetokana na jina la mtu. Mtu huyo hakuona gari wala redio maishani mwake, kwa sababu alifariki kabla vitu hivyo havijabuniwa. Lakini bila kazi yake fundi wa Keko asingekuwa na betri ya kupima. Jina lake ni Alessandro Volta.

Utoto wake

Alessandro Volta alizaliwa tarehe 18 Februari, 1745, katika mji wa Como, kaskazini ya Italia. Mji huo uko kando ya ziwa, chini ya milima mirefu. Inasimuliwa kwamba Volta alichelewa sana kusema, hata jamaa zake wakadhani kuwa hatakuwa na akili kama watoto wengine. Alipoanza kusema na kusoma, aliwashangaza wote kwa wepesi wake wa kujifunza.

Baba yake alifariki Volta akiwa bado mtoto, na jamaa zake wakachukua kazi ya kumlea. Wao walitaka asome sheria. Moyo wa Volta ulikuwa mahali pengine. Alipenda kujua sababu za mambo aliyoyaona, na hasa alivutiwa na umeme. Rafiki yake mmoja, Giulio Cesare Gattoni, alikuwa na chumba chenye vitabu na vyombo vya majaribio. Volta aliruhusiwa kukitumia chumba hicho. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alikuwa tayari akiandikiana barua na wataalamu wakubwa wa umeme wa wakati ule.

Siku hizo watu walipata umeme hasa kwa kusugua. Ukisugua kioo au kaharabu kwa kitambaa kikavu, vitu vyepesi kama manyoya huvutwa. Mashine kubwa za kusugua ziliweza kutoa cheche. Lakini cheche ikisharuka, umeme umekwisha. Hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kupata umeme unaotiririka bila kukatika, kama maji yanavyotiririka katika mfereji.

Mwalimu na mtafiti

Mwaka 1774 Volta alipata kazi katika shule ya serikali ya mji wa Como. Mwaka uliofuata alieleza chombo chenye sahani mbili, ambacho kiliweza kutoa umeme mara nyingi baada ya kusuguliwa mara moja tu. Mtaalamu mwingine, Johan Wilcke wa Sweden, alikuwa amegundua jambo hilo kabla yake, lakini Volta alikitengeneza chombo hicho vizuri zaidi, kikatumiwa katika nchi nyingi.

Mwaka 1776 Volta alikuwa akisafiri kwa mashua katika Ziwa Maggiore. Alichokora matope ya kinamasi kwa fimbo na kuona mapovu yakipanda. Wengine wangeyapita mapovu hayo bila kuyajali. Yeye aliyakusanya katika chupa na kuyajaribu kwa moto, akaona kwamba hewa hiyo huwaka. Leo tunaiita methani. Volta alitengeneza pia chombo ambamo gesi ililipuka kwa cheche ya umeme. Ukitazama injini ya petroli utakuta jambo kama hilo: cheche ya plagi huwasha mvuke wa petroli.

Baadaye Volta alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Pavia, akafundisha huko kwa karibu miaka 40. Alikuwa na desturi moja iliyomtofautisha na wengi: hakutosheka kusema kwamba umeme ni mwingi au ni kidogo. Alitaka kuupima. Alitengeneza kipimo cha umeme kwa mabua mawili mepesi yaliyoning'inizwa ndani ya chupa. Mabua yalipopata umeme yalisukumana na kuachana. Kadiri yalivyoachana, ndivyo msukumo wa umeme ulivyokuwa mkubwa. Hicho kilikuwa babu wa mita ya fundi wetu.

Mguu wa chura

Katika mji wa Bologna aliishi profesa mwingine, Luigi Galvani, aliyechunguza miili ya wanyama. Galvani aliona jambo la ajabu. Alipougusa mguu wa chura aliyekufa kwa madini mawili ya namna mbalimbali, kama shaba na chuma, mguu ulirusha kama kwamba chura angali hai. Galvani alisema kwamba umeme huo ulitoka ndani ya mwili wa chura. Alichapisha habari hizo mwaka 1791.

Volta alizisoma, akayarudia majaribio hayo yote kwa mikono yake. Mwanzoni alikubaliana na Galvani. Lakini alipoendelea kujaribu, shaka ilimwingia. Mguu uliruka vizuri zaidi madini yalipokuwa ya aina mbili. Alipotumia madini ya aina moja, mara nyingi haukuruka. Je, huenda umeme ulitoka katika madini, na mguu wa chura ulikuwa kama kipimo tu?

Ili apate hakika alijaribu bila chura. Aliweka kipande cha bati na sarafu ya fedha kwenye ulimi wake, kisha akaviunganisha. Alipata ladha ya uchachu. Ulimi wenye mate ulichukua nafasi ya mguu wa chura.

Mabishano kati ya wafuasi wa Galvani na wafuasi wa Volta yaliendelea kwa miaka mingi. Hata hivyo Volta aliendelea kumsifu Galvani kwa uvumbuzi wake. Mabishano yao hayakuwa matusi. Kila upande ulijibu kwa jaribio jipya. Leo tunajua kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Umeme upo katika miili ya wanyama, na ndio unaopeleka habari katika mishipa ya fahamu. Tena ni kweli kwamba madini mawili yenye majimaji katikati hutoa umeme. Galvani alifariki mwaka 1798, kabla hajaona mwisho wa mabishano hayo.

Rundo la Volta

Volta aliona kwamba jozi moja ya madini hutoa msukumo mdogo sana. Alijiuliza itakuwaje akipanga jozi nyingi pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1799 alipata jibu. Alichukua visahani vya zinki na visahani vya fedha. Alipanga kisahani cha fedha, kisahani cha zinki, kisha kipande cha karatasi nene kilicholoweshwa maji ya chumvi. Juu yake akapanga tena fedha, zinki na karatasi, hivyo hivyo mpaka likawa rundo refu la makumi ya visahani.

Alipogusa juu na chini ya rundo kwa mikono yenye maji, alitikiswa na umeme. Alipogusa tena, alitikiswa tena. Umeme haukukatika kama cheche za zamani. Tena kadiri rundo lilivyokuwa refu, ndivyo mtikiso ulivyokuwa mkali. Hiyo ilikuwa betri ya kwanza iliyojulikana na wataalamu wote wa dunia.

Volta alilijaribu rundo lake hata kwa masikio. Alitia vijiti vya madini masikioni, akaviunganisha na rundo. Alipata mshtuko kichwani na kusikia sauti kama ya kitu kinachochemka. Aliona hatari iliyomo, naye hakupenda kulirudia jaribio hilo. Wewe usilijaribu kamwe.

Tarehe 20 Machi, 1800, Volta aliandika barua kwa chama cha wataalamu mjini London, akaeleza namna ya kulitengeneza rundo. Hakuifanya kazi yake kuwa siri. Wiki chache baadaye wataalamu wawili wa Uingereza, Nicholson na Carlisle, walitengeneza rundo lao na kwa umeme wake wakayatenga maji kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni.

Kuna jambo moja ambalo Volta hakulipata sawasawa. Alidhani kwamba umeme ulitokana na kugusana kwa madini tu. Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba chanzo chake ni mabadiliko ya kikemia. Zinki huliwa polepole, na inapoliwa umeme hupatikana. Ndiyo sababu kila betri huishiwa. Betri si kisima kisichokauka.

Heshima na siku za mwisho

Mwaka 1801 Volta alialikwa Paris, akaonyesha rundo lake mbele ya Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa. Napoleon alistaajabu sana, na Volta akapewa nishani ya dhahabu. Mwaka 1810 alipewa cheo cha ukabaila. Lakini Volta alipenda zaidi kukaa nyumbani na mkewe Teresa na wana wao watatu. Aliacha kazi mwaka 1819 na kurudi kwao. Alifariki tarehe 5 Machi, 1827, akiwa na umri wa miaka 82.

Kabla hajafariki, jambo kubwa lilitokea. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona kwamba waya unaopitisha umeme wa betri huusogeza mshale wa dira. Umeme uliweza kufanya kazi ya sumaku. Kutokana na ugunduzi huo zilipatikana mota, na baadaye spika. Ndani ya spika mna waya uliozungushwa karibu na sumaku. Umeme ukipita, waya husogea mbele na nyuma, ukatikisa karatasi ya spika, nasi tukasikia sauti. Kwa hiyo muziki wa pikapu yetu unatoka mbali.

Mwaka 1881 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Paris na kukubaliana kwamba kipimo cha msukumo wa umeme kiitwe volti, kwa kumkumbuka Volta.

Volti, ampea na wati

Fikiri juu ya tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Kadiri tangi linavyokuwa juu, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu katika bomba. Volti ni kama urefu wa mnara: hupima msukumo wa umeme. Ampea hupima wingi wa umeme unaopita katika waya. Ukizidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu inayotumika.

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita. Kila chumba hutoa volti 2 hivi, na vyote vimeunganishwa kwa kufuatana kama visahani vya Volta. Sita mara mbili ni 12.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Tuseme vyombo vyake vya muziki vilitumia wati 120. Gawanya 120 kwa 12, utapata ampea 10. Betri yake ilikuwa ya ampea-saa 60, maana yake iliweza kutoa ampea 10 kwa saa 6. Lakini muda mrefu kabla ya saa 6 haikuwa tena na nguvu ya kuzungusha injini. Injini inapofanya kazi, altaneta huirudishia betri umeme kwa volti 14 hivi. Injini ikizimwa, hakuna kinachorudi.

Fundi alileta gari jingine la volti 12. Aliunganisha ncha chanya kwa chanya, na hasi kwa hasi. Betri zikiunganishwa hivyo, volti hubaki 12, na ampea huongezeka. Injini ikawaka. Kama angeziunganisha betri hizo kwa kufuatana, chanya kwa hasi, angepata volti 24. Malori makubwa mengi hutumia volti 24 namna hiyo, na vyombo vyake vimetengenezwa kwa msukumo huo. Redio ya volti 12 ikipewa volti 24 huungua.

Magari yenye volti 48

Katika miaka ya karibuni zimetengenezwa pikapu za haibridi nyepesi. Katika magari hayo injini ya mafuta husaidiwa kidogo na mota ya umeme. Gari linapopunguza mwendo, mota hiyo hugeuka kuwa jenereta na kuijaza betri. Betri yake ni ya volti 48.

Kwa nini 48? Tuseme chombo kinahitaji wati 480. Kwa volti 12, waya lazima upitishe ampea 40. Kwa volti 48, waya hupitisha ampea 10 tu. Ampea zikiwa chache, waya haupati joto sana, nao unaweza kuwa mwembamba zaidi.

Lakini taa na redio za magari hayo kwa kawaida hutumia bado volti 12. Kipo kifaa kinachopunguza volti 48 kuwa 12, na kifaa hicho kina kiasi chake cha kutoa. Fundi anayetaka kufunga kikuza sauti kikubwa hana budi kujua kwanza kiasi hicho. Asiunganishe redio kwenye betri ya volti 48 hata kidogo, kwa kuwa itaungua mara moja. Kila waya mpya wa umeme lazima uwe na fyuzi karibu na betri, ili waya ukigusana na bodi la gari usianze moto. Waya wa volti 48 ukigusana hivyo hutoa cheche kali, nayo yaweza kumchoma mtu. Watoto wasiguse kabisa betri ya gari, iwe ya volti 12 au 48.

Volta alipima kabla ya kuamini. Fundi mwema wa Keko hufanya vivyo hivyo: hupima kabla ya kuunganisha.

Jaribio

Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu.

1. Chukua ndimu nne, misumari minne ya kuezekea mabati ambayo imepakwa zinki, vipande vinne vya waya mnene wa shaba na waya mwembamba wa kuunganishia.
2. Choma kila ndimu kwa msumari mmoja na kipande kimoja cha shaba. Visigusane.
3. Pima ndimu moja kwa mita. Andika volti zake.
4. Unganisha shaba ya ndimu ya kwanza na msumari wa ndimu ya pili, na kuendelea hivyo. Pima tena kila unapoongeza ndimu.
5. Baada ya jaribio zitupe ndimu. Zisiliwe.

Maswali

1. Volta alizaliwa mwaka gani, na katika mji gani?
2. Umeme wa kusugua ulikuwa na upungufu gani?
3. Galvani na Volta walibishana juu ya nini? Kila mmoja alikuwa na ukweli gani?
4. Kwa nini betri ya dereva ilishindwa kuwasha injini?
5. Kikuza sauti kinatumia wati 240. Kitahitaji ampea ngapi kwa volti 12? Kwa volti 48 je?
6. Betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kwa kufuatana. Zitatoa volti ngapi? Eleza hatari ya kufunga hapo redio ya volti 12.